Mwaka Tuliowapikia Wageni wa Mataifa

Hapa Issuna sasa hivi mimi ndiye mwanamke asiye na adabu. Wengine wanasema uzee umenipanda kichwani, na wale wanaonifahamu vizuri wanasema uzee unasingiziwa bure, nilikuwa hivi hivi tangu usichana. Kosa langu ni hili. Mwezi uliopita alishuka mgeni kwenye basi la Shinyanga, mama mtu mzima kama mimi, anachechemea, mjukuu wake wa kiume amembebea mkoba. Akapiga hodi. Akasema anaitwa Kabula, binti Maduhu. Nami badala ya kumpa kigoda, kumpa maji, kumwuliza za safari na za mvua za kwao na za watoto, nikamwambia akiwa bado ameshika fremu ya mlango: "Baba yako alifia Rungwa. Walimpeleka akafe. Nilimwona kwa macho haya akipandishwa kwenye lori. Sasa ingia ukae." Jirani yangu Mama Neema, aliyekuja kuazima ungo, aliudondosha. "Bibi Eliza! Hata maji?" Ndiyo, hata maji. Maji aliyapata baadaye, ugali alikula, na mlenda alikula mpaka akalamba vidole mbele ya mjukuu wake msomi. Lakini habari aliipata kwanza, akiwa na vumbi lake la safari. Tangu siku hiyo kijiji kizima kinanisema. Mchungaji alinisema kwa mafumbo ibadani, mafumbo yenyewe mepesi mpaka watoto wakageuka kuniangalia. Basi nimeamua kuandika, maana mdomo wangu wameshauzoea, hawausikii tena. Hati mtanisamehe. Niliishia darasa la nne pale misheni. La tano nalisikia tu, kama watu wanavyosikia Ulaya. Mwalimu alisema kichwa changu si kibaya, ila mdomo hukitangulia shuleni na kukiacha njiani.

Mwaka ninaousema Mwingereza alikuwa bado yupo, bendera yake iko pale bomani Singida, ingawa ilishaanza kuchanika pembeni. Nilikuwa msichana mkubwa, nimeshaolewa na nimeshaachika. Nasema niliacha mimi, mume alisema aliacha yeye, tuliachana tukiwa bado tunabishania hilo. Nikawa napika pombe ya mtama. Nyumba yangu ilikuwa tembe fupi, paa la udongo, ukisimama kwa haraka unapata nundu. Wateja wangu wengi waliondoka na nundu wakadhani ni pombe. Chumba cha mbele kilikuwa cha mitungi na vigoda, cha nyuma kitanda changu cha ngozi na kimea nilichokianika, na harufu ile ya kimea iliingia kwenye nguo, kwenye nywele, hata nikienda kanisani watu walijua nimefika kabla sijaimba. Hapo kwenye mitungi ndipo niliposomea madarasa yaliyobaki. Mwanamke anayechota pombe haonekani. Wanaume wanasema mbele yake kama wanavyosema mbele ya mtungi, na mimi nilikuwa mtungi wenye masikio.

Siku moja baada ya mavuno akaja Jumbe Njiku, yule mkuu wetu wa kijiji aliyewekwa na serikali, mtu mwenye kofia nyekundu na tumbo la wasiwasi. Nyuma yake kuna askari, na nyuma ya askari kuna mwanaume mrefu amebeba blanketi na sufuria.

"Eliza, huyu atakaa kwako."

"Ni mfungwa?"

"Si mfungwa."

"Basi ni mgeni."

"Si mgeni. Usimwite mgeni."

"Basi ni nini, Jumbe?"

Jumbe akajikuna shingo. "Ni amri," akasema.

Nilielewa kwa nini nilichaguliwa mimi. Nyumba za watu wenye heshima ziliogopa, na heshima yangu ilikuwa imeshatoka na mume wangu, kwa hiyo haikuwa na pa kupotelea. Nikampa yule mtu chumba cha nyuma, mimi nikahamia kwa mitungi. Akawa mtu wa kwanza kuingia kwangu bila kupata nundu. Nikamsifu. "Nimefundishwa kuinama na serikali," akasema. Huyo ndiye Maduhu, Msukuma, mtu wa ng'ombe. Tukaanza utani siku hiyo hiyo. Mimi nikamwambia Wasukuma wanakula mchana kutwa kama wanajaza ghala, yeye akaonja pombe yangu, akatema mate, akasema sasa ameelewa adhabu yenyewe ni nini, kuhamishwa ilikuwa nauli tu.

Alichofanya kwao kilikuwa kidogo sana, mpaka leo nikikifikiria damu inanichemka. Serikali iliwaita kwenye baraza ikawaambia ng'ombe wamezidi, kila mtu apunguze. Maduhu akanyoosha mkono akauliza: "Na ninyi mtapunguza nini?" Basi. Watu wakacheka. Nadhani ni kicheko kile kilichomponza, maana serikali ile ilivumilia mawe kuliko kicheko. Wakamfuata mchana, mke wake anakamua, wakamwonyesha karatasi yenye sahihi ya gavana, wakamweka kwenye lori. Mahakama hakuiona. Hakimu hakumwona. Kwetu aliruhusiwa kutembea mpaka korongoni na kurudi, kila Jumamosi akasimame mbele ya Jumbe aonekane kwamba bado yupo, barua zake zikisomwa bomani kabla yake, na mtu wa kwao asifike kumwona. Niliwahi kumwambia, kwa ujinga wangu wa kumfariji mtu, kwamba afadhali yuko nje kuliko gerezani. Alikuwa anachonga mpini wa jembe langu. Hakuinua kichwa. "Mfungwa ana siku ya kutoka," akasema. "Anaihesabu. Mimi nihesabu nini?" Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu mzuri na aliona nimenyamaza, jambo ambalo lilikuwa la hatari kwangu, akaongeza: "Nikihesabu nundu za wateja wako, huenda nikafika." Lakini mpini ule aliuchonga mpaka ukawa mwembamba, haukukaa kwenye jembe.

Ni yeye aliyetueleza habari ya wageni wa mataifa, wajumbe waliotumwa na mataifa ya dunia kuja kukagua nchi inavyotawaliwa. Wazee walikuja jioni kunywa, wamekaa kwenye vigoda vyangu, na Mzee Ntandu katikati yao. Mzee Ntandu alikuwa mkubwa wao, mtu mwenye adabu mpaka ilikuwa inachosha. Alimsalimia hata mbuzi wake kabla ya kumfungua kamba. Akauliza ni kweli kwamba kuna watu wanakuja kumkagua Mwingereza, na anayeweza kumkagua Mwingereza ni nani? Maduhu akasema: "Baba, wewe una ng'ombe umewaweka kwa mtu mwingine?" Mzee Ntandu akasema wapo, kila mtu hapa ana ng'ombe kwenye zizi la mwenzake. "Ng'ombe hao ni wa nani?" "Wangu." "Anayewachunga anakunywa maziwa?" "Anakunywa, ni haki yake." "Na akifa mmoja?" Wazee wote wakajibu pamoja, maana hilo kila mtoto analijua: "Aonyeshe ngozi, tujue hakumwuza!" Maduhu akapiga goti lake kwa kofi. "Basi nchi hii si ya Mwingereza. Kawekewa tu. Mataifa ndio waliomwekea, na kila baada ya miaka wanakuja zizini kutazama. Anakunywa maziwa, sawa. Lakini lazima aonyeshe ngozi." Mzee mmoja akasema taratibu, "Kumbe na yeye mchungaji tu," wakaanza kucheka, wakacheka mpaka Jumbe akatuma mtu kuuliza kuna nini.

Ikajulikana kwamba wageni watapita Issuna wakitokea Manyoni kwenda Singida, watasimama kusalimia watu na kuwasikiliza. Maduhu akabadilika. Akaanza kunyoa ndevu. Aliomba nimfulie shati lake, nikalifua, nikalichoma kidogo kwa pasi ya mkaa, akasema sawa, wataona alipita motoni. Barua hakutaka kuandika kwa sababu barua zote zilipita kwa yule yule anayeshtakiwa. Alitaka kusema kwa mdomo. Basi mchana, nikikoroga pombe, tulikuwa tunafanya mazoezi: mimi ndiye wageni wa mataifa, nimekaa kwenye kigoda nimevaa ungo kichwani kama kofia, namkunjia uso. "Wewe mtu mrefu, una shida gani?" Siku ya kwanza alieleza kirefu sana, ng'ombe, baraza, lori, mke, nikajifanya nimelala. Siku nyingine akafupisha. Mwishowe yakabaki maneno machache: "Sikuhukumiwa. Nataka kuhukumiwa. Nikikosa nifungwe, nijue siku ya kutoka. Nisipokosa, nirudi kwangu." Nikavua ungo. Nilikuwa sijawahi kuona mtu anayeomba mahakama kama wengine wanavyoomba mvua.

Wiki ile Bwana Shauri akaja. Hivyo ndivyo tulivyomwita mkuu wa wilaya, Mwingereza mwekundu, mpole, aliyekaa kwetu miaka na kukijua Kiswahili kuliko mimi, na Kinyaturu cha kuombea maji na kusifia watoto. Alikaa uani kwa Jumbe chini ya kivuli cha paa, mimi nikaitwa nilete maziwa mgando. Alikuwa anamwambia Jumbe, sauti ya taratibu, kama mtu anayepanga harusi: "Nataka wageni waone Issuna ilivyo. Nimeishi nanyi, nawajua. Mgeni wenu hamumwambii shida mpaka anawe, ale, ashibe. Kwetu Ulaya adabu hiyo hakuna. Wachinjieni mbuzi. Wapikieni vizuri, msiwe na haraka." Na mimi, mtungi wenye masikio, msomi wa darasa la nne, unajua nilifanya nini? Nilitabasamu. Nilijisikia nimesifiwa mimi na mama yangu na bibi yangu, nikamwongezea maziwa. Nimezeeka nikiyatafuta maziwa yale nimnyang'anye. Yule mtu hakutudharau, hilo ndilo linaloniuma. Angetudharau asingetushinda. Alizisoma mila zetu kama mwindaji anavyosoma njia ya swala kwenda majini, kisha akaenda kukaa pale pale kwenye maji.

Wakaja kumchukua Maduhu zikiwa zimebaki siku chache wageni wafike. Ilikuwa mchana kweupe, wanawake tunapura uwele, makapi yanaruka. Lori likasimama, askari wakashuka, wakasema anapelekwa Rungwa kwa usalama wake. Rungwa! Kule porini magharibi, kwenye mbung'o, ambako serikali yenyewe ilikuwa inawahamisha watu kwa sababu ya malale. Nikauliza usalama gani huo unaokaa na mbung'o? Askari akaniambia nifunge mdomo, akasikitika, maana alikuwa mteja wangu. Maduhu alikuwa amevaa lile shati nililolichoma. Nadhani alidhani wamekuja kumwita mapema mbele ya wageni. Alipoelewa hakupigana. Alichukua blanketi na sufuria, akainama kutoka mlangoni bila kujigonga, akaniambia: "Mtani, mimi sitakuwepo. Waambie nipo." Lori likaondoka na vumbi likakaa juu ya uwele wetu, tukala vumbi lile kwenye ugali mwezi mzima.

Nilimkimbilia Mzee Ntandu bila hata kuvua khanga ya kazi. Nikampigia magoti, shikamoo baba, marahaba, nikamwambia. Aliguswa. Macho yake yalijaa, na hakuwa mzee wa machozi ya bure. "Nitasema mimi," akasema. "Mbele yao wote. Nitasema kuna mtu alikuwa hapa, hakuhukumiwa, na sasa kapelekwa Rungwa. Waende wakamtazame."

"Baba, basi semeni mara wakishuka tu kwenye gari."

Akaniangalia kama nimemwomba avue nguo sokoni. "Binti yangu. Mtu ametoka mbali, ana vumbi kooni, hajakaa, umwagie msiba kichwani? Atakusikia? Atasema huyu ana kichaa. Nitawapokea, nitawasalimia, watanawa, watakula. Mtu akishashiba anakaa vizuri, anakuuliza, haya, mwenzangu, na mengine? Hapo ndipo shida inaposemwa. Hata shauri la damu linasemwa hivyo."

Na ni kweli! Hakuwa mwoga wala mjinga. Kwetu mtu anaweza kuja na habari ya kifo mkononi, mkaulizana habari, akajibu salama, akajibu njema, akala, akafuta mdomo, ndipo aseme: ila mdogo wako hatunaye. Hakuna anayemwona mwongo. Ile salama ya kwanza ni mkeka tu wa kukalia. Sasa nenda ukamweleze mtu aliyetoka kwao kwenye baridi, ana saa mkononi na kalamu.

Siku ile tuliamka mapema kupika. Beberu wa Mzee Ntandu mwenyewe, yule aliyekuwa anamsalimia, ndiye aliyechinjwa. Magari yakaja na vumbi, watoto wakaimba wimbo waliofundishwa na Jumbe, hakuna aliyejua maana yake. Wakashuka wageni wa mataifa: mmoja mweupe mrefu anayejifuta jasho, mmoja mfupi mwenye miwani, mmoja wa rangi ya maji ya ukwaju amevaa kilemba, huyo alikuwa na uso mzuri. Pembeni yao Bwana Shauri, mpole, na mkalimani wa boma, kaptula imepigwa pasi mpaka inaweza kukata nyama. Sisi wanawake tuko nyuma kwenye mafiga, si mbali, nasikia kila kitu. Yule wa kilemba akauliza, mkalimani akageuza: wageni wanauliza, habari za hapa, watu wanaishije, kuna mtu yeyote mwenye malalamiko juu ya serikali?

Mzee Ntandu akasimama. Akavua kofia. "Salama," akasema. "Tumeamka salama. Watoto salama, ng'ombe salama. Serikali tunaishi nayo vizuri. Karibuni sana, kaeni, tumewaandalia chakula kidogo." Wote wakaandika. Nawaona wanaandika. Mzee Ntandu akachukua kibuyu cha maji ya kunawa yeye mwenyewe, mzee mzima, akaenda kwa yule wa kilemba, akainama, tayari kummiminia. Na hapo Bwana Shauri akatazama saa yake. Akasema kitu kwa Kiingereza, kwa masikitiko makubwa. Mkalimani akatangaza: wageni wanashukuru sana kwa ukarimu wenu, ila wana baraza Singida mjini, muda umekwisha.

Muda umekwisha! Nyama ilikuwa bado inachemka. Sijui nilirukaje yale mafiga. Nilijikuta mbele ya gari nina mwiko mkononi, mchuzi unanidondokea miguuni, nimesimama mbele ya mataifa yote na kamasi za moshi. Nikapiga kelele: "Kuna mtu mmefichwa! Anaitwa Maduhu! Hakuhukumiwa! Juzi wamempeleka Rungwa ili msimwone! Muulizeni huyu!" Nikamnyooshea mwiko Bwana Shauri. Yule wa kilemba akasimamisha mguu wake mlangoni mwa gari. Akamgeukia mkalimani, kumwuliza huyu mama anasemaje. Na mkalimani, mtoto wa mtu, mtu mweusi kama mimi, akamtazama Bwana Shauri kwanza. Kisha akasema sentensi moja fupi. Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la nne, kilitosha kusoma "paka amekaa juu ya mkeka" na kutaja vitu vya jikoni. Lakini kilitosha. Alichomwambia ni kwamba chakula kipo tayari. Yule wa kilemba akanitabasamia, tabasamu zuri kabisa, akaweka mkono kifuani kama anaomba radhi kwa kutokula, akaingia. Nilipiga kioo kwa mwiko. Kwa ndani akanipungia.

Nyama ile hakuna aliyeila. Jumbe alimeza mate, akaogopa. Mzee Ntandu alibaki amesimama na kibuyu chake cha maji mpaka vumbi likatulia, halafu akayamwaga chini taratibu, akasema, "Nilikuwa nasubiri wanawe tu." Akaenda nyumbani.

Baadaye Bwana Shauri akaja kutushukuru. Akatuambia barazani, kwa furaha, kwamba wageni wameandika kuwa watu wa huku hawana malalamiko, na wamesifu adabu yetu. Majuzi mjukuu wa Kabula, ambaye anasoma sheria, aliniuliza kwangu hapa, kalamu mkononi: "Bibi, na baada ya hapo kuna aliyewajibishwa? Mataifa waliuliza tena?" Mwanangu, nani aulize? Bwana Shauri alipandishwa cheo akaenda pwani. Mkalimani alipata uhuru kama sisi sote, akapata na ofisi. Gavana aliyetia sahihi alirudi kwao akafa kitandani kwake, nadhani na mbwa miguuni. Na wale wa mataifa waliotabasamu? Walikuwa watu wazuri. Nimechoka na watu wazuri. Mwenye ng'ombe amesafiri kutoka ng'ambo ya dunia kuja kutazama zizi, akaonyeshwa ng'ombe wanono waliopangwa mlangoni, akakubali, akaondoka bila kuingia ndani, bila kuhesabu, bila kuuliza ngozi. Halafu akaandika kwamba ametazama! Afadhali asingekuja. Asingekuja, Maduhu angebaki chumba changu cha nyuma akinitukania pombe. Ukaguzi ndio uliompeleka Rungwa. Kabula alisikiliza yote hayo mikono imelala mapajani. Akaniambia mama yake aliendelea kumwekea baba chakula chake mpaka mama mwenyewe alipokufa, kwa sababu hakuna mtu wa serikali aliyewahi kuja kumwambia asiweke.

Habari ya kifo tuliletewa na warina asali, mvua zilipokuwa zimeanza. Walikuja na vibuyu vyao vya asali, wakakaa kwangu, wakasalimia, wakanywa, wakasifia pombe, na mwisho mmoja akafuta mdomo akasema: ila yule Msukuma wenu hatunaye. Malale. Alikuwa analala akitembea, wakasema, analala na kijiko mdomoni. Hakupelekwa kwa mganga wala hospitali, maana amri ilisema asivuke mto. Walimzika wao, warina asali, watu wasiomjua.

Mzee Ntandu alipoambiwa alichukua fimbo yake, akaniambia, "Twende, wewe ndiye shahidi." Tukaenda Singida kwa miguu, mvua inatunyeshea, mimi nimepoteza hata utani wa njiani. Bomani Bwana Shauri alikuwa barazani kwake anakunywa chai. Alifurahi kweli kumwona. "Aa, Mzee Ntandu! Karibu, karibu! Habari za Issuna?"

Mzee Ntandu hakuvua kofia. "Mbaya," akasema.

Bwana Shauri akacheka kidogo, anasubiri ile nzuri ifuate.

"Mbaya. Maduhu amekufa. Ulimpeleka kwenye mbung'o ukijua. Ulijua nitasema salama, kwa sababu nilikuwa na mgeni. Leo sina mgeni. Ngozi iko wapi?"

Sikuwahi kuuona uso ule mwekundu ukiwa mweupe namna ile. Walimfungia Mzee Ntandu mahabusu kwa kudharau serikali, nikawa napeleka uji. Askari kijana wa Kiiramba aliyemlinda alikuwa anampigia goti, shikamoo mzee, na mzee anaitikia marahaba mwanangu, adabu yake yote iko mahali pake, haikupungua hata punje. Walipomwachia, alirudi Issuna amekonda, akakaa kwenye kigoda changu, akaagiza pombe, akaninong'oneza kwamba uji wangu ulikuwa na chumvi nyingi.

Kabla ya mwaka kwisha, Bwana Shauri aliitisha baraza la kodi. Watu wote tuko pale, wanaume mbele wamechuchumaa, wanawake nyuma, Jumbe na kofia yake, mkalimani wa boma pembeni. Bwana Shauri akasimama, akatutazama kwa upole wake, akaanza kama alivyoanza mabaraza yote ya miaka yote.

"Habari zenu, watu wa Issuna?"

Mzee Ntandu akajibu wa kwanza. Halafu mzee wa pembeni yake. Halafu mstari wa mbele, halafu wa pili, halafu sisi wanawake, na mimi mdomo wangu ukatangulia kichwa kama kawaida: "Mbaya." Watoto waliokuwa juu ya mapaa ya tembe nao wakaitikia, "Mbaya!" Bwana Shauri alisimama pale, karatasi mkononi. Kisha akamgeukia mkalimani, yeye aliyekijua Kiswahili kuliko mimi, akangoja atafsiriwe.